Rangi za Maji kwa Mchoraji wa Ridhaa

Katika aina zote za uchoraji, rangi za maji ndizo zinazodhaniwa kuwa nyepesi kuliko nyingine, na dhana hiyo ina sababu zake, kwa kuwa mtoto wa shule ya awali hupewa kisanduku cha rangi hizo, brashi na kikombe cha maji kabla hata hajajua kuandika jina lake, naye hupaka anavyotaka bila kuacha doa lisilotoka kwenye meza wala nguo. Mtu mzima anayeamua kujifunza kwa kujifurahisha huzirudia akiwa na kumbukumbu ya wepesi ule, na haupiti muda akaona picha yake imekuwa tope, karatasi imejikunja, na kila anapofuta doa moja yanazaliwa mawili. Mengi ya matatizo hayo yana chanzo kimoja, ambacho kikieleweka mapema humpunguzia mwanafunzi mahangaiko mengi: katika rangi za maji, weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe.

Rangi ya maji ni unga laini wa rangi, ambao wataalamu huuita pigmenti, uliosagwa pamoja na gundi inayoyeyuka katika maji. Gundi hiyo ni utomvu unaoganda kwenye gome la aina ya mgunga iitwayo kitaalamu Acacia senegal, mti wa nchi kame ambao Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuuza utomvu wake duniani, na ambao huota pia kaskazini mwa Kenya, ambako wafugaji wa Turkana, Samburu na Marsabit huukusanya na kuuuza. Utomvu huo huo hutiwa katika soda na peremende. Rangi inapopakwa, maji hukauka, gundi huzishika chembe za unga mahali pake, na kinachobaki ni utando mwembamba ambao mwanga huupenya, hugonga karatasi iliyo chini yake, kisha hurudi machoni ukiwa umechukua rangi ya utando ule. Kadiri utando unavyokuwa mwembamba ndivyo karatasi inavyong'aa kupitia kwake, na kadiri tabaka zinavyoongezwa juu ya tabaka ndivyo mwanga unavyonaswa ndani na picha kufifia.

Tofauti yake na rangi nzito huonekana vizuri ikilinganishwa na picha za Tingatinga za Dar es Salaam, ambazo tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuzichora mwishoni mwa miaka ya 1960 zimekuwa zikipakwa kwa rangi za mafuta za makopo, zile za kupakia milango na baiskeli. Mchoraji wa Tingatinga anayechora kanga hupaka kwanza mwili mzima kwa rangi ya giza, akausubiri ukauke, kisha akadondoa madoa meupe juu yake moja baada ya jingine, kwa kuwa rangi yake nyeupe huziba kabisa kilicho chini. Anayetumia rangi za maji hawezi kufanya hivyo. Kila doa jeupe la kanga wake lazima liamuliwe kabla ya brashi kuguswa na maji, na rangi ya giza ipitishwe kando kando ya kila doa ili karatasi ibaki tupu pale panapotakiwa kuwa peupe. Ipo rangi nyeupe nzito inayoyeyuka katika maji, na Albrecht Dürer wa Ujerumani aliitumia katika picha yake mashuhuri ya sungura ya mwaka 1502, kwa hiyo wanaoipiga marufuku kana kwamba ni haramu wanazidisha. Lakini anayeanza atafanya vyema kuiweka mbali kwa muda, kwa sababu akiwa nayo karibu hatajifunza kupanga weupe wake.

Historia ya rangi hizi kwa kiasi kikubwa ni historia ya wachoraji wa ridhaa, yaani wale wasioitegemea brashi kwa riziki. Huko Uingereza, ambako sanaa hii ilistawi sana katika karne ya 18 na ya 19, maofisa wa jeshi walifundishwa kuchora kwa sababu kabla ya kamera hapakuwa na njia nyingine ya kufikisha makao makuu sura ya kilima, ngome au kivuko cha mto, na ndiyo maana Paul Sandby, mmoja wa waasisi wa uchoraji wa mandhari kwa rangi za maji, aliajiriwa mwaka 1768 kufundisha katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Mabinti wa familia zenye nafasi nao walitafutiwa walimu wa kuchora nyumbani kama walivyotafutiwa walimu wa kinanda. Soko hilo la wasio wataalamu ndilo lililowashawishi watengenezaji kubuni vifaa vya kubebeka: ndugu wawili wa London, William na Thomas Reeves, walitengeneza vidonge vya rangi vinavyolainika mara vinapoguswa na brashi yenye maji, wakatunukiwa tuzo kwa ubunifu huo mwaka 1781, na mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akasajili hataza ya kichupa cha bati kinachominywa, ambacho kilikusudiwa rangi za mafuta lakini hakikuchukua muda kuhamia kwenye rangi za maji.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hiyo ndani ya mikoba ya wasafiri. James Augustus Grant, ofisa wa jeshi kutoka Scotland aliyeondoka Zanzibar mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alichora njiani watu, mimea na makazi kwa penseli na rangi za maji, na michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Takriban karne moja baadaye Joy Adamson, ambaye dunia inamjua zaidi kwa kitabu chake kuhusu simba jike Elsa, alichora nchini Kenya maua ya porini na mamia ya picha za watu wa jamii mbalimbali katika mavazi yao ya jadi. Kazi za namna hiyo zinapaswa kutazamwa kwa hadhari, kwa kuwa zilichorwa na wageni katika zama za upelelezi na utawala wa kikoloni, na aliyechorwa mara nyingi hakuwa na kauli juu ya namna atakavyoonekana. Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, michoro ya maua ina somo kwa anayeanza: ua lililochorwa kwa mtindo wa wanabotania husimama juu ya karatasi isiyopakwa chochote nyuma yake, na nuru yake yote hutoka kwenye karatasi hiyo.

Mchoro wa penseli huja kabla ya rangi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa kwa kuamini kwamba kuchora ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Mkono unaoweza kuandika herufi zinazosomeka tayari unao wepesi wa kutosha kwa mchoro wa kawaida; kinachokosekana ni mazoea ya jicho, kwa sababu mtu asiyefunzwa huchora anachokijua, na anachokijua mara nyingi hakifanani na kilicho mbele yake. Mfano wa kutosha ni sufuria. Kila mtu anajua kwamba mdomo wa sufuria ni duara, lakini sufuria iliyowekwa mezani mbele ya mtu aliyeketi huonyesha duaradufu, yaani duara lililobanwa juu na chini, na kadiri jicho linavyoshuka kuelekea usawa wa mdomo ule ndivyo duaradufu inavyozidi kuwa nyembamba hadi kuwa mstari mmoja. Mwanafunzi huukataa ushahidi wa macho yake, akachora mdomo ulio wazi kuliko unavyoonekana, kisha akakinyoosha kitako kama kwa rula kwa sababu anajua kwamba sufuria imekaa sawasawa juu ya meza, ilhali kitako nacho ni sehemu ya duara na kinapaswa kupinda, tena kupinda zaidi kidogo kuliko mdomo kwa kuwa kiko chini zaidi ya jicho. Kosa la tatu ni kuzipa ncha pande mbili za duaradufu, hali umbo hilo halina kona popote. Atakayechora sufuria moja kila jioni kwa juma zima, akiibadilishia mahali na kimo, atajifunza mengi kuliko anayekimbilia kuchora machweo ya jua.

Zipo mbinu za kulilazimisha jicho liseme kweli. Ya zamani kuliko zote ni kuunyosha mkono mbele bila kuukunja, kushika penseli wima, kufumba jicho moja, na kupima kwa kidole gumba urefu wa kitu kimoja ili ulinganishwe na urefu wa kingine. Kwa njia hiyo mchoraji hugundua, kwa mfano, kwamba mlango anaoudhania kuwa mrefu mara tatu ya upana wake, ukitazamwa kwa ubavu kutoka kichochoroni, ni mrefu mara sita. Mbinu nyingine ni kuacha kukitazama kitu chenyewe na kutazama nafasi tupu iliyokizunguka, kama uwazi ulio baina ya mkono wa birika na mwili wake, kwa sababu uwazi hauna jina wala sura inayojulikana na hivyo akili haina cha kuudanganyia. Mwalimu Mmarekani Betty Edwards, katika kitabu alichochapisha mwaka 1979 na kilichoenea sana, humtaka mwanafunzi anakili mchoro wa Picasso unaomwonyesha mtunzi wa muziki Stravinsky ukiwa umepinduliwa kichwa chini, na aghalabu nakala hiyo hutoka bora kuliko ambavyo mwanafunzi angechora mchoro ukiwa wima. Maelezo yake kuhusu kazi za pande mbili za ubongo yamerahisisha mambo kupita kiasi, lakini zoezi lenyewe ni zuri, kwa kuwa uso uliopinduliwa huacha kuwa uso na kuwa mkusanyiko wa mistari tu.

Zaidi ya miaka 100 kabla ya Edwards, mhakiki wa sanaa John Ruskin, aliyekuwa akiwafundisha kuchora wafanyakazi wa London tangu mwaka 1854, alichapisha mwaka 1857 kitabu cha mafunzo kwa wanaojifunza peke yao. Zoezi lake la kwanza halina mvuto wowote: mwanafunzi hujaza mraba mdogo kwa mistari ya kalamu mpaka uwe na giza lililo sawa kila mahali. Baadaye humtaka aokote jiwe la mviringo na kulichora kwa mwanga na vivuli vyake vyote, kwa hoja kwamba anayeweza kuchora jiwe kwa usahihi hana kitu kitakachomshinda. Ruskin alikuwa mwalimu mkali na mwenye maneno mengi, lakini kuhusu jiwe alikuwa na haki, kwa sababu kinachokifanya kitu kilichochorwa kwenye karatasi bapa kionekane kuwa na unene ni mpangilio wa mwanga na giza kuliko rangi yenyewe.

Kwa hiyo miezi ya kwanza ya rangi za maji inafaa itumike kwa rangi moja tu, ya kahawia iliyokolea au nyeusi, iliyozimuliwa kwa maji kwa viwango mbalimbali. Mwanafunzi hujitengenezea kwanza ngazi ya visanduku vitano, kuanzia karatasi tupu hadi giza kamili, kisha huweka yai jeupe juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha na kujiuliza kila sehemu ya yai inaangukia kisanduku kipi. Atagundua mambo asiyoyatarajia. Upande wa yai ulio mbali na dirisha, ingawa akili inauita mweupe, una giza la kisanduku cha tatu. Chini kabisa, karibu na kitambaa, giza hilo hupungua kidogo kwa sababu kitambaa kinarudisha mwanga. Na upande unaotazamana na dirisha, yai jeupe na kitambaa cheupe huwa na mwanga mmoja kiasi kwamba ukingo baina yao hauonekani kabisa. Hapo penye ukingo uliopotea hapahitaji kupakwa chochote, na mwanafunzi anayeweza kuizuia brashi yake hapo, bila kulizungushia yai mstari ili lisipotee, amevuka hatua kubwa. Kufinya macho husaidia katika kazi hii, kwa kuwa huondoa vitu vidogo vidogo na kubakiza makundi ya mwanga na giza. Picha ya simu iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe hutoa msaada huo huo.

Kuhusu vifaa, fedha ielekezwe kwanza kwenye karatasi, na ushauri huu ni kinyume cha desturi, maana wengi hununua kisanduku kikubwa chenye rangi 36 na kuzipaka kwenye karatasi za kuchapia. Karatasi ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na nyuzi zake zikinywa maji huvimba bila mpangilio, ndiyo sababu hufanya mawimbi, na rangi ikatuama mabondeni. Karatasi ya rangi za maji inayopendekezwa kwa kawaida ina gramu 300, na iliyo bora hutengenezwa kwa nyuzi za pamba na kutiwa jelatini, ambayo huyazuia maji yasizame mara moja, hivyo kumpa mchoraji dakika chache za kuisogeza rangi, kuipunguza au hata kuinyonya kwa brashi kavu. Huuzwa ikiwa na uso laini, uso wa kati au uso wa mikwaruzo, na wa kati ndio unaosamehe zaidi. Gharama yake hupungua ikinunuliwa karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 na kukatwa vipande vinane, na kila kipande kikatumika pande zote mbili. Kila kimoja hubandikwa juu ya ubao kwa tepe ya karatasi, ile ambayo mafundi rangi wa magari huzibia vioo, ili kisijikunje kinapolowa.

Rangi tano au sita zinatosha: manjano, nyekundu inayoelekea waridi, bluu ya ultramarini, na udongo mwekundu uitwao sienna ya kuchomwa ndizo nguzo. Ultramarini kwa karne nyingi ilisagwa kutoka katika jiwe la lapis lazuli la Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilikuwa ya kutisha hadi miaka ya 1820, ambapo Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipata njia ya kuitengeneza kiwandani. Sienna ni udongo wenye kutu ya chuma, uliopewa jina la mji wa Siena nchini Italia na kuchomwa ili wekundu wake ukolee. Rangi hizi mbili zikichanganywa hutoa kijivu cha kila namna, kuanzia cha mawingu ya masika hadi cha gogo la mbuyu, na ndiyo sababu kichupa cha rangi nyeusi kinaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Mnunuzi atazame pia alama ndogo zilizochapishwa ubavuni mwa kichupa, kama vile PB29, ambayo ni alama ya kimataifa ya ultramarini. Rangi yenye alama moja ina pigmenti moja, na huchanganyika kwa usafi kuliko ile yenye alama tatu, ambayo tayari ni mchanganyiko na ikiongezwa nyingine hugeuka tope. Kuhusu brashi, moja ya mviringo ya namba 8 au 10 yenye ncha inayorudi kuwa kali kila inapolowa, na moja pana ya kupakia anga, zinatosha kwa mwaka mzima. Sahani nyeupe ya kauri hufanya kazi ya kibao cha kuchanganyia rangi, na vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja cha maji safi, ni vya lazima.

Sehemu ngumu kuliko zote ni maji yenyewe. Mafundi hutofautisha njia mbili: ubichi juu ya ukavu, ambapo rangi hupakwa kwenye karatasi kavu na kuacha kingo kali, na ubichi juu ya ubichi, ambapo karatasi hulowanishwa kwanza na rangi ikaenea yenyewe na kufifia taratibu. Yanayotokea baada ya hapo yanafuata kanuni za fizikia. Doa la kahawa linalokauka juu ya meza huacha pete ya giza ukingoni, na mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu yake: maji hukauka haraka zaidi ukingoni, hivyo maji ya katikati hutiririka kwenda kujaza pengo, yakibeba chembe na kuzirundika huko. Rangi ya maji hufanya hivyo hivyo, na ukingo wenye giza unaozunguka kila mpako ni pete ile ile. Kanuni ya pili inahusu anayerudi na brashi yenye maji mengi kwenye mpako ulioanza kukauka. Maji mapya huzisukuma chembe zilizokuwa zikitulia, na kuacha doa lenye kingo za kuparaganyika ambalo halitoki tena. Ya tatu ni kwamba rangi ikikauka hupauka, kwa hiyo mpako unaoonekana sawa ukiwa mbichi utakuwa dhaifu ukikauka, na anayeanza hulazimika kuthubutu kupaka kwa giza kuliko moyo wake unavyotaka.

Kujua wakati wa kurudi na wakati wa kuacha ni suala la kutazama mng'aro. Karatasi iliyolowa huanza kwa kumeremeta kama kioo, na wakati huo rangi hukimbia kila upande. Mng'aro ukififia na kubaki unyevunyevu, rangi huenea kidogo na kusimama, na huu ndio wakati wa mawingu na majani ya mbali. Baada ya hapo huja kipindi cha hatari, ambapo karatasi inaonekana kavu lakini ikiguswa kwa mgongo wa mkono ni ya baridi, na hapo hakuna la kufanya ila kusubiri. Urefu wa vipindi hivyo hutegemea mahali. Mombasa na Zanzibar wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, mpako unaweza kukaa mbichi kwa muda mrefu mno. Dodoma wakati wa kiangazi, penye upepo mkavu, anga iliyoanzwa upande wa kushoto wa karatasi hukauka kabla brashi haijafika kulia. Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa hali ya hewa ya Ulaya, na mwanafunzi wa huku anayeona kwamba dakika zinazotajwa humo hazilingani na zake asijilaumu.

Hayo yote hukutana katika zoezi dogo kama la kuchora embe dodo lililoiva upande mmoja. Umbo lake huchorwa kwa penseli bila kukandamiza, na mahali panapong'aa, ambapo mwanga wa dirisha umegonga ganda, huwekewa alama ndogo ya mzingo. Kisha embe zima hulowanishwa kwa maji safi isipokuwa mng'ao ule, ambao hubaki mkavu na mweupe. Mmeremeto ukianza kutulia, manjano huenezwa kote. Waridi huguswa kwenye shavu lililopigwa na jua, na manjano yenye tone la ultramarini huguswa karibu na kikonyo, kisha rangi hizo tatu huachwa zikutane zenyewe, kwa sababu brashi inayoingia kati yake kuzilainisha itaua mteremko wa rangi ambao maji yangeutengeneza bure. Picha ikikauka kabisa huja mpako wa pili, wa kivuli cha embe lenyewe, uliochanganywa kwa waridi, sienna na ultramarini kidogo. Nyeusi haifai hapa, maana nyeusi ikikutana na manjano hutoa kijani chafu, na embe huonekana limeoza. Mwisho hupakwa kivuli kilichoanguka mezani, chenye giza na ukingo mkali pale embe linapogusa meza, na chenye kupauka na kulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Baada ya hapo mchoraji anyanyuke, maana maembe mengi mazuri yameharibiwa na mpako wa nne.

Anayeishi pwani ana mada nyingine inayoifaa karatasi nyeupe kuliko zote, nayo ni kuta za chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukuta uliopigwa jua la asubuhi haupakwi kitu. Hupakwa anga iliyo nyuma yake, kivuli cha baraza, weusi wa dirisha na mlango, na ukuta hujitokeza wenyewe. Vivuli vyake visipakwe kijivu kitupu, kwa kuwa mahali jua lisipofika huangazwa na anga, na hivyo huelekea bluu au zambarau, na karibu na ardhi hupata joto la mwanga unaorudi kutoka kwenye mchanga. Mlango wa nakshi, ambao humvutia kila mgeni, ungojee. Nakshi ikichorwa ua kwa ua na mtu ambaye bado hajajua kupanga giza hugeuka zulia lisilo na mlango.

Kunakili kazi za wengine ni njia halali ya kujifunza, ingawa baadhi ya walimu huionea haya. J. M. W. Turner na Thomas Girtin, wote waliozaliwa mwaka 1775, walipokuwa vijana walikuwa wakienda jioni nyumbani kwa daktari Thomas Monro mjini London kunakili michoro ya wengine kwa malipo madogo na chakula cha usiku, Girtin akichora mistari na Turner akipaka mipako ya rangi. Girtin alifariki akiwa na umri wa miaka 27. Turner aliishi hadi mwaka 1851 na kuzifikisha rangi za maji mahali ambapo hazikuwahi kufikishwa. Kinachotakiwa ni kunakili kwa kuuliza mchoraji alianza na nini na aliacha nini kikiwa cheupe, na kutoziuza nakala hizo kama kazi ya mtu mwenyewe.

Picha ikishakamilika ina maadui wawili, mwanga na unyevu. Mwaka 1888 Waingereza Russell na Abney walitoa ripoti ya majaribio yao yaliyothibitisha kwamba jua hufifisha baadhi ya rangi za maji, hasa nyekundu za asili ya mimea na wadudu, na hadi leo nyekundu iitwayo alizarini, yenye alama PR83, haifai kwa picha itakayotundikwa ukutani. Mkusanyaji Henry Vaughan, aliyeurithisha mkusanyo wake wa kazi 38 za Turner kwa jumba la sanaa la taifa huko Edinburgh mwaka 1900, aliweka sharti kwamba zionyeshwe mwezi Januari tu, mwezi ambao mwanga wa Scotland ni hafifu, na picha hizo bado zina rangi zake. Afrika Mashariki haina Januari ya namna hiyo, kwa hiyo picha itundikwe ukuta usiopigwa na jua la dirishani, ndani ya fremu yenye kioo, na baina ya kioo na picha kuwe na ukingo wa kadi nene ili visigusane. Zile zisizotundikwa zilazwe bapa ndani ya bahasha kubwa za karatasi badala ya mifuko ya plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu, na gundi ya mgunga pamoja na jelatini ya karatasi ni chakula cha ukungu. Katika nyumba za pwani inafaa zifunguliwe na kupata hewa kila mvua za masika zinapokwisha.